Albamu za picha mtandaoni: mtoze mpiga picha, mgeni mwache

Anayetaka kufungua huduma ya picha mtandaoni hapa Uganda huanza kwa kuuliza atapata watumiaji wangapi. Aanze na jingine: nani atatoa pesa, na atazitoa lini. Jibu langu ni mpiga picha wa harusi, kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya harusi) na mahafali, tena wiki ileile ya sherehe, picha zikiwa bado mbichi.

Wakubwa walijaribu njia nyingine zote. Flickr ilizaliwa 2004, Yahoo ikainunua 2005, na 2013 ikaanza kumgawia kila mtu terabaiti nzima (gigabaiti elfu moja) bure. SmugMug ilipoichukua 2018 iliwawekea wasiolipa kikomo cha picha 1,000. SmugMug yenyewe ipo tangu 2002 kwa kutoza wateja wake. Photobucket iliamka 2017 ikidai karibu dola 400 kwa mwaka kwa kila aliyetaka picha zake zionekane kwenye tovuti za wengine, na kurasa nyingi zikabaki na matundu. Google Photos ilifunguliwa 2015 bila kikomo. Juni 2021 ikaufunga mlango huo. Color, programu ya kushirikishana picha, ilichangiwa dola milioni 41 mwaka 2011 kabla programu haijatoka, na mwisho wa 2012 ikazimwa. Instagram ndiyo kila mtu huitaja: ilinunuliwa dola bilioni moja mwaka 2012, wafanyakazi 13, mapato hakuna. Kuiiga Instagram ni kukaa ukisubiri mnunuzi, na wanunuzi wa namna hiyo hawapiti Kampala kila mwaka.

Ukiiondoa SmugMug, ugonjwa wa kampuni hizi ni mmoja. Mteja hulipa mara moja au halipi kabisa, ilhali diski unailipia kila mwezi na picha hazipungui.

Tupige hesabu ya harusi moja. Picha 600 za megabaiti 8 ni gigabaiti 4.8. Ongeza nakala za kutazamia kwenye simu, zenye upande mrefu wa pikseli 2048, kama kilobaiti 500 kila moja, pamoja na vijipicha: jumla ni gigabaiti 5.1 hivi. Kwa bei ya kawaida ya Amazon S3, hifadhi ya kukodi mtandaoni, kule Marekani, senti 2.3 za dola kwa gigabaiti kwa mwezi, na dola ikiwa shilingi 3,700, hifadhi ni kama shilingi 430 kwa mwezi. Haiumi.

Kinachoumiza ni kitufe cha "pakua zote". Ndugu 20 wakichukua picha halisi zote, gigabaiti 96 zimetoka kwenye seva. S3 hukupa gigabaiti 100 za kwanza za mwezi bure, halafu kila gigabaiti inayotoka ni senti 9. Harusi ya kwanza inakula ile bure. Ya pili mwezi huohuo inakugharimu kama shilingi 30,600. Kama ulimtoza mpiga picha 30,000, umefanya kazi kwa hasara na hutajua hadi bili ije. Kwa hiyo picha halisi zifungue kwa maharusi peke yao, kwa PIN, na wageni wapewe nakala ndogo. Au hamia hifadhi isiyotoza data inayotoka, kama Cloudflare R2, ambako unalipa senti 1.5 kwa gigabaiti kwa mwezi.

Nakala ndogo zinamsaidia mgeni pia. Bando lake linabeba ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, mbali na VAT. Akifungua kiungo chako kikamla megabaiti 300, hatakifungua tena, na atamwomba mpiga picha amrushie WhatsApp. WhatsApp ndiyo mshindani wako halisi, pamoja na Google Drive. WhatsApp hubana picha. Kwa simu inatosha, kwa fremu ya ukutani haitoshi, kwa sababu inchi 12 kwa 18 zinataka pikseli 2400 kwa 3600 hata ukichapa kwa pikseli 200 tu kwa inchi. Drive ya bure ni gigabaiti 15: harusi tatu, imejaa. Hapo ndipo unapomkuta mpiga picha akiwa tayari kusikiliza bei.

Uza kwa sherehe. Malipo ya kila mwezi hufa haraka hapa, maana mtu wa MoMo (pesa za simu za MTN) au Airtel Money lazima aidhinishe kwa PIN kila mara, na mwezi usio na harusi haidhinishi. Shilingi 30,000 kwa albamu ya miezi 12, aliyokwisha kuijumlisha kwenye bei yake kwa kamati ya harusi, haina mabishano. Kwenye mfumo, kila malipo yawe na namba yake ya kumbukumbu: taarifa ya malipo huweza kuchelewa au kuja mara mbili, na bila namba hiyo utafungua albamu mbili kwa pesa moja. Ukisikia "nimeshalipa", hakiki hali ya muamala kwa mtoa huduma. Picha ya SMS si ushahidi.

Pesa ya pili iko kwenye karatasi. Shutterfly, ya tangu 1999, imekula kwa kuchapa. Elewana na studio ya kusafisha picha, weka kitufe cha kuagiza, chukua asilimia yako.

Upakiaji nao ni mtihani. Gigabaiti 4.8 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde ni zaidi ya saa mbili, na umeme unaweza kukatika katikati. Kata faili vipande vya megabaiti 5 ili ziendelee pale zilipoishia. Geuza rangi ziwe sRGB, mpangilio wa rangi unaoeleweka na simu, la sivyo gomesi (vazi la kike la sherehe) nyekundu itaonekana imepauka kwenye simu. Futa alama za mahali ndani ya faili, maana zinaonyesha nyumbani kwa watu.

Usitegemee kuingia kwa Facebook. Ilizuiwa nchini Januari 2021. Mgeni apewe kiungo na PIN ya nakala ndogo, basi. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 unapaswa kujisajili kwenye ofisi inayosimamia data binafsi, na picha za watoto zinahitaji idhini ya mzazi.

Tarehe ya mwisho iandike kwenye risiti, si kwenye masharti yasiyosomwa na mtu. Tuma SMS siku 30 kabla, na nyingine siku 7 kabla, kwa mpiga picha na kwa maharusi wote wawili. Anayetaka mwaka mwingine alipe 10,000. Asiyejibu, mwachie mwezi mmoja wa ziada, kisha futa picha halisi na ubaki na nakala ndogo.