Maswali Yenu: Miguu Inalowa Kwenye Baiskeli, Nifanyeje?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi nasambaza maziwa kwa baiskeli hapa Njombe mjini, natoka saa kumi na moja alfajiri narudi saa tatu. Kipindi hiki cha mvua miguu inalowa mpaka vidole vinakufa ganzi, nikishuka nakanyaga chini sihisi kitu. Nikajibana nikanunua gambuti nikajua nimemaliza, siku ya pili tu maji yamejaa ndani nayamwaga kama ndoo. Je ni feki? Ninunue zingine? *Msomaji, Njombe*

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na hela yako usiitoe tena kwanza. Ijaribu hiyo gambuti leo jioni, izamishe kwenye beseni la maji mpaka kwenye kifundo, mkono wako uwe ndani, ukihisi maji basi imetoboka. Ila nina uhakika utakuta pakavu, manake maji yako hayajapita kwenye mpira, yameingia kwa juu. Mvua inakupiga mapajani, inashuka gotini, inafika kwenye ugoko, na suruali umeichomeka ndani ya buti, si ndiyo? Hapo umeyatengenezea maji njia wewe mwenyewe, yanateremka na kitambaa moja kwa moja hadi kwenye kisigino na yakishaingia hayana pa kutokea. Karibu wote tunachomeka hivyo kwa sababu ya kuogopa cheni, nakuelewa. Sasa fanya kinyume, suruali ya mvua ishuke kwa nje ya buti, halafu chukua tyubu iliyokufa ukate pete ya upana wa vidole viwili, ivae kwa nje pale juu ya kifundo ibane suruali isiliwe na cheni. Pete moja mguu wa kulia, na wa kushoto weka pia maana upepo unapeperusha.

Maji ya pili, na haya ndo watu hawayafikirii kabisa, hayatoki mbinguni. Yanatoka kwenye tairi lako la mbele. Tairi linaokota maji na matope ya barabarani linayatupa nyuma, na yanapoangukia ni palepale miguu yako inapozunguka na pedeli, yani hata mvua ikiwa imekatika saa nzima we bado unaoga kwa chini. Kama una Phoenix una bahati, ina madigadi ndefu ya chuma, lakini hizi za gia za mtumba nyingi zinakuja hazina kitu au zina kipande kifupi cha plastiki kwa juu ambacho kinakinga uso tu. Funga madigadi nzima mbele, halafu mwisho wake wa chini uongezee ulimi. Kata dumu la mafuta ya kula la lita tano, au mpira wowote mlaini, toboa matundu mawili, kaza na waya au bolti ndogo, uning'inie mpaka ubaki kama upana wa kiganja kutoka chini. Usishushe zaidi ya hapo, kwenye mashimo utakwama. Mi nilifunga wa dumu msimu mmoja wa mvua nikashangaa viatu nafika navyo vina unyevu tu juu juu, kabla ya hapo nlikuwa nafika natembea chwa chwa chwa. Kwa kweli ningeambiwa nichague kati ya buti mpya na ule ulimi, nachukua ulimi.

Haya, tumepunguza maji. Kuyamaliza huwezi, masaa manne barabarani na mvua ya Njombe lazima kitu kiingie na jasho lako mwenyewe linabaki ndani ya gambuti. Kwahiyo swali linakuwa mguu ukilowa ubaki na joto vipi. Soksi ya pamba ikilowa imekwisha, inashikilia maji kwenye ngozi, na maji yanabeba joto la mwili mara zaidi ya ishirini kuliko hewa. Sufu ni habari nyingine, inanyonya unyevu mwingi bado inashika joto. Zipo mtumbani, soksi nene za wapanda milima wa Ulaya, watu wanazipita tu manake hazina rangi nzuri. Kama lebo imetoka chomoa uzi mmoja uuchome na kiberiti: ukinuka kama nywele zinazoungua na ukabaki majivu yanayosagika, hiyo ni sufu. Ukiyeyuka ukawa kidonge kigumu ni nailoni. Ukinuka karatasi ni pamba, rudisha.

Na usirundike soksi tatu kwenye buti inayobana eti upate joto, utapata baridi zaidi, damu haipiti. Vidole lazima vicheze. Gambuti ya kuendeshea baiskeli chukua namba moja juu, ndani kata soli ya blanketi nene uweke, itoe kila ukirudi uikaushe.

Kuna watu wanavaa mfuko wa plastiki juu ya soksi ndo wanaingiza kwenye kiatu. Inafanya kazi, hasa upepo hauingii, ila kwa safari fupi, ukikaa nao muda mrefu jasho linakulowesha kutoka ndani. Mifuko ya rambo tangu Juni 2019 imepigwa marufuku na ni sawa kabisa, mitaro yetu ilikuwa imeziba, ila ule wa mkate wa slesi umekaa kama umeshonwa kwa ajili ya mguu. Osha utumie tena na tena.

Halafu vaa kofia, funika kifua na magoti. Mwili ukihisi baridi kifuani unakata damu ya miguuni kwanza ili kulinda ndani, kwahiyo wakati mwingine dawa ya vidole ni sweta. Kunywa kitu cha moto kabla ya kutoka, tena we maziwa unayo. Na vidole vikianza ganzi shuka, kokota baiskeli mlima mmoja kwa miguu, kukanyaga ardhi kunasukuma damu kuliko kuzungusha pedeli.

Hilo la ganzi nakuomba usilichukulie poa. Wanajeshi wa Vita Kuu ya Kwanza waliokaa kwenye mahandaki yenye maji waliharibikiwa miguu hata siku ambazo hakukuwa na barafu, ni maji na baridi na muda tu. Wewe kila siku masaa manne, miezi kadhaa. Ukifika nyumbani vua, kausha mpaka katikati ya vidole, vaa soksi kavu. Usiuweke mguu wenye ganzi motoni, utaungua bila kuhisi. Na ukishapata joto kama ganzi haiishi au ngozi imebadilika rangi, nenda zahanati siku hiyohiyo.

SWALI: Mambo kaka, mi nasoma Uholanzi, Utrecht, huku kila mtu baiskeli na mimi nikajikuta nimenunua. Kuanzia Novemba nikifika darasani raba zimelowa nakaa nazo hivyo mpaka saa kumi, nishaumwa mafua mara mbili. Baiskeli ina madigadi kamili. Wenzangu wananiambia nunua viatu vya Gore-Tex lakini bei yake nikiipiga kwa shilingi nalia. *Dada wa Tanga, sasa Utrecht*

JIBU: Dada yangu, mtu wa Tanga na Novemba ya Uholanzi, pole mno. Mafua yanaletwa na virusi, si raba, ila kukaa na viatu vya maji siku nzima ni mateso na sitaki uendelee nayo.

Gore-Tex ni kitu kizuri, utando wenye vitundu vidogo sana ambao mvuke wa jasho unatoka na tone la maji haliingii, lakini kiatu chake kina mdomo uleule wa raba yako, na mwenzako wa Njombe hapo juu nimeshamweleza maji yanapitia wapi. Huku kwenu ni koti la mvua linachuruzikia mapajani, suruali ya jinzi inanyonya, inashusha. Nunua kwanza suruali ya mvua ndefu, ile ambayo ukikaa kwenye baiskeli goti limekunjwa bado inafunika kifundo, maana dukani ukiwa umesimama zote zinaonekana ndefu. Juu ya raba vaa vifuniko vya viatu, Waholanzi wanaviita *overschoenen*, bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kiatu. Vipo vya kitambaa chepesi cha mvua na vipo vya neoprini, ule mpira wenye povu wanaotumia wapiga mbizi, hivyo vya neoprini vikilowa bado vina joto na kwa Januari ndo ningechukua. Angalia tu viwe na soli imara chini kama unashuka shuka kwenye taa, vya wakimbiza baiskeli za mashindano vinachanika haraka.

Ila kubwa kuliko yote, na haligharimu kitu, weka kwenye begi soksi kavu na kiatu chepesi cha darasani. Yani ukifika unabadilisha kama unavyovua viatu ukumbini nyumbani Tanga. Ukifanya hilo hata ukilowa njiani ni dakika ishirini tu, basi. Na wenyeji huwa wanachungulia Buienradar kwenye simu kabla ya kutoka, inaonyesha wingu la mvua liko wapi na linaelekea wapi, mara nyingi ukisubiri robo saa linapita.

SWALI: Mwanangu, mjukuu wangu anakwenda sekondari kwa baiskeli huku Lushoto, viatu vyeusi vya shule ni jozi moja tu. Vikilowa tunavianika juu ya jiko la mkaa usiku, sasa soli imeanza kuachia. *Bibi, Lushoto*

JIBU: Shikamoo bibi. Joto la jiko ndilo linaloyeyusha gundi na kuikakamaza ngozi. Toa soli ya ndani na kamba, jaza magazeti makavu, baada ya saa moja toa weka mengine, kabla ya kulala badilisha tena. Kisha visimamishe ukutani penye upepo, soli ikitazama hewani. Na hilo jiko, bibi yangu nakusihi, lisilale ndani na nyie, mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu na imeua watu wakiwa usingizini.

Vikishakauka yeyusha nta ya nyuki na mafuta kidogo ya mgando, paka viatu vikiwa na joto la jua, sugulia sana kwenye mishono, halafu kiwi juu yake. Na siku ya mvua kubwa mjukuu aendeshe na yeboyebo, viatu na soksi viwe kwenye mfuko begani, akifika afute miguu na kitambaa ndo avae. Kipande cha kwenda shule anakivumilia, ila darasani anakaa mkavu.