Muulize Shangazi: Rafiki yangu anataka nisijitokeze kwenye usaili wa opera

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 43 na nimeimba sauti ya pili kwenye kwaya tangu ujana wangu. Kuna kikundi cha opera cha watu wa kujitolea kinachoandaa Dido and Aeneas, na usaili wa waimbaji ni mwezi ujao. Nilimwambia rafiki yangu wa karibu, ambaye ndiye huimba solo kwenye kwaya yetu, kwamba nataka kujaribu nafasi ya Dido, yule malkia ambaye ndiye mhusika mkuu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema yeye pia anaitaka, na kwamba mimi ningebaki tu kwenye kwaya kama siku zote. Darasa la sauti sijawahi kuingia, na muziki nausoma kwa do-re-mi tu. Nijitoe nisije nikampoteza? Au niende kimyakimya bila yeye kujua? – Wa Sauti ya Pili*

Marahaba, mwanangu. Usijitoe, na wala usiende kimyakimya.

Nianze na rafiki yako, maana naona ndiye anayekunyima usingizi zaidi ya huo usaili. Alichokuambia kimekuuma kwa sababu kimegusa mahali ambapo wewe mwenyewe una shaka. Lakini tazama alichokiomba hasa: anataka umwachie nafasi ambayo si yake bado, wala si yako. Wenye kuitoa ni kiongozi wa muziki na mwongozaji wa mchezo, na hao hawajamsikia yeyote kati yenu. Ukijitoa leo, hutakuwa umeokoa urafiki. Utakaa nalo moyoni, na kila atakapoimba utajiuliza ingekuwaje. Urafiki hauozi siku moja, huoza hivyo hivyo polepole.

Kwenda kwa siri ni kubaya zaidi. Majina hubandikwa, watu hukutana kwenye foleni ya kusubiri kuitwa, na yeye akikukuta pale atakuwa na haki ya kukasirika ambayo sasa hivi hana. Mwambie mapema, ana kwa ana, kwa maneno machache: "Nitajaribu nafasi ya Dido. Najua na wewe unaitaka. Nimeona uisikie kutoka kwangu kwanza." Halafu nyamaza. Usijieleze kwa nini unastahili, usiombe ruhusa, na tafadhali usimwahidi kwamba wakikuchagua utamwachia. Akinuna, mpe siku zake anune. Na akikuomba mfanye mazoezi pamoja, kubali kama moyo unakuruhusu.

Sasa hili la kwamba wewe ni sauti ya pili na hukusoma. Dido huimbwa na masoprano, yaani wanawake wa sauti ya juu, na huimbwa pia na mamezo, yaani wale wa katikati. Sehemu kubwa ya uzito wake iko pale kati na chini, mahali ambapo waliozoea sauti ya pili wana nyama na wenye sauti nyembamba ya juu hupungukiwa. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba nafasi hiyo ni ya mwimbaji wa solo kwa haki ya kuzaliwa. Na opera yenyewe, ambayo Henry Purcell aliitungia muziki kwa maneno ya Nahum Tate, onyesho lake la zamani tunalolijua lilifanyika katika shule ya bweni ya wasichana huko Chelsea, London, na mwaka unaotajwa ni 1689. Wanafunzi, mwanangu. Miaka zaidi ya mia tatu kabla ya kikundi chenu, watu wasioishi kwa kuimba walikuwa tayari wameshaimba kazi hii.

Do-re-mi itakufikisha mbali, ila usingoje siku ya usaili ndipo useme. Omba karatasi za muziki mapema, mtafute mtu anayepiga piano akupigie sehemu ya kusindikiza, uirekodi kwenye simu, uimbe juu yake kila siku mpaka uijue bila karatasi. Wakikuuliza kama unasoma nota za mistari, sema ukweli: "Nasoma do-re-mi, na nikisikia wimbo naushika haraka." Wanaosimamia usaili huvumilia upungufu wanaoujua. Kinachowatesa ni mtu aliyejifanya anajua, kisha mazoezi yote yakakwama kwake.

Kama hawakutaja wimbo wa kuandaa, chagua ule unaoweza kuuimba hata siku uliyoamka umechoka. Watu wengi huja na wimbo mkubwa kuliko wao, wakidhani ukubwa wake utawapa alama. Kinyume chake, mwimbaji akiimba wimbo mwepesi kwa pumzi iliyotulia na maneno yanayosikika, wanaomsikiliza wanajua mengi ndani ya nusu dakika. Nyimbo za kale za Kiitaliano kama Caro mio ben, ambazo walimu huwapa wanaoanza, zinafaa kabisa. Usione haya kuzipeleka.

Lakini hata kama hawajaomba, jifunze ile aria ya Dido ya mwisho, yaani wimbo wake wa peke yake, wa kuomboleza, kwa sababu wanaweza kukupima nayo papo hapo. Isikilize kwa chini kwanza. Besi, yaani sauti ya chini kabisa ya ala, inashuka hatua kwa hatua, inafika mwisho, inaanza tena ile ile, tena na tena, na sauti ya Dido inapita juu yake bila kufuata mipaka yake. Ukiijua besi hiyo kiasi cha kuweza kuiimba peke yako, hutapotea. Pale anapoomba akumbukwe, anaanza kwa nota moja inayorudiwa, kimya tu, na kilele kinakuja baadaye. Usikimbilie kilele. Mwanamke yule anakufa, na kinachotukalisha kimya ukumbini ni pumzi yake, si nguvu ya koo lake.

Na hapa nakuomba uwe makini na jambo dogo: ukitoa nakala za karatasi za kumpa mpiga piano, hakikisha mashine haikukata mstari wa chini kabisa wa ukurasa. Huko ndiko iliko besi. Ukikatwa, mpiga piano atabahatisha na wewe utayumba naye. Ziweke kwenye faili ambalo kurasa zinageuka bila kuanguka, tia alama ya penseli pale unapoanzia na unapoishia, na kabla ya kuimba nenda kwake, msalimie, mwimbie kwa chini mstari wa kwanza kwa mwendo unaoutaka. Huyo ndiye mwenzako pekee mle chumbani.

Wakikukatisha katikati na kusema "asante, inatosha," usivunjike moyo. Wana foleni ndefu, na mara nyingi wameshasikia walichokihitaji.

Limebaki moja ambalo hukuniuliza. Huenda Dido akapewa rafiki yako, na wewe ukaitwa kwenye kwaya. Je, utaweza kusimama nyuma yake kila jioni ya mazoezi? Katika opera hii kwaya haipumziki: mara ni watu wa ikulu, mara wachawi, mara mabaharia, na Dido akishakufa ni kwaya inayobaki kumwimbia na kuufunga mchezo. Mimi naiona kazi tamu. Hata hivyo, kama unajua itakuchoma, basi pale kwenye fomu wanapouliza kama uko tayari kupokea nafasi nyingine, andika hapana, bila aibu. Kama itakufurahisha, andika ndiyo, na ujaze kwa ukweli siku ambazo huwezi kufika mazoezini.

Kaonane na rafiki yako wiki hii, kabla hujaipeleka hiyo fomu.

Shangazi