Chumvi na siki havifungi rangi ya kitenge

Swali: Shikamoo fundi. Nashona mfarishi wa viraka vya kitenge, khanga na pamba nyeupe. Jirani kaniambia vitambaa vyekundu nivilaze kwenye chumvi na siki ili rangi isitoke, halafu nikate bila kufua, maana sabuni inaondoa upya wa kitambaa. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Marahaba. Kufua utafua, tena kabla ya kukata. Pamba hurudi ikinywa maji. Mita moja yaweza kupungua sentimita 3 hadi 5, na polista uliyoshona ubavuni mwake haitapungua. Mfarishi utajikunja wote.

Sasa hiyo siki. Kila wiki naulizwa, na kila wiki najibu: siki husaidia wakati wa kutia rangi sufu na hariri. Kwa pamba haina kazi. Chumvi nayo inatumika kwenye pipa la rangi, kuisukuma iingie kwenye uzi. Kitambaa kikishafika dukani, imechelewa. Rangi inayochuja ni ile ambayo haikushika tangu mwanzo. Haifungwi kwa chumvi wala siki, inatolewa.

Juzi nimeletewa mfarishi wa mtoto, viraka vyeupe vimegeuka pinki na bado vinanukia achari. Mwenyewe alilaza vyekundu kwenye siki na maji baridi, akaona maji hayakubadilika sana, akaridhika. Rangi ilisubiri maji ya moto na sabuni.

Kwa hiyo fua kila rangi peke yake, kwa maji ya moto kadiri mkono unavyostahimili, usuuze mpaka maji yawe safi. Kisha tandika kitambaa kikiwa kibichi juu ya kipande cheupe, upige pasi. Kikiacha doa, rudia. Kikiacha doa hata mara ya nne, kishonee mfuko wa sokoni. Vipande vidogo vifue kwa mkono, la sivyo vitachanika nyuzi.

Huo "upya" ni dondo tu la kiwandani. Pika uji mwepesi wa wanga wa muhogo, chovya, piga pasi kikiwa na unyevu. Mkasi utakata vizuri kama mwanzo.

Na hivyo vichupa vya "dawa ya kufunga rangi" visivyo na lebo, mviache. Muulize muuzaji ni ya pamba au ya sufu. Akisema ya vyote, rudisha pesa mfukoni. Wengine siku hizi wanamalizia na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, eti inaua rangi iliyozidi. Kitenge kimoja cha hivyo nilikishika kwa vidole viwili, nikavuta kidogo, kikapasuka kama gazeti.