Maswali ya wasomaji: Pingi inafika, faili linagoma

SWALI: Nimeunganisha ofisi zetu za Dodoma na Singida kwa MPLS (mfumo wa kusukuma paketi za data kwa kufuata lebo), ruta nne: Dodoma, Bahi, Manyoni, Singida, na VPN (mtandao wa faragha) juu yake. Pingi (paketi ndogo ya kujaribu njia) inafika vizuri, lakini faili kubwa linakwama. Halafu hizi lebo ni za nini ilhali anwani za IP zipo? – Fundi mtandao, Kizota, Dodoma

JIBU: Ndugu fundi, kinachokukwamisha ni hizo hizo lebo.

Ruta ya Dodoma husoma anwani ya IP mara moja tu, kisha hubandika lebo, tuseme 24. Namba hiyo imetolewa na Bahi yenyewe, na kati ya Manyoni na Singida haina maana yoyote. Bahi haiangalii anwani: ikiona 24 inaweka 31 na kuisukuma paketi Manyoni. Manyoni huibandua lebo hiyo, Singida isihangaike nayo. Wauzaji bado wanasifia kasi, hoja ya zamani hiyo. Ruta za leo husoma IP haraka vilevile. Faida ya lebo ni kutenganisha wateja na kuchagua njia.

Sasa hesabu. Lebo moja ni biti 32: 20 za namba, 3 za daraja la huduma, 1 ya kuonyesha lebo ya chini kabisa, 8 za TTL (hesabu ya ruta ambazo paketi bado inaruhusiwa kupita). Hizo ni baiti 4. VPN huongeza lebo ya pili, ya ndani, ambayo Manyoni haiigusi. Paketi ya baiti 1500 inakuwa 1508, na swichi au redio ya katikati yenye kikomo cha 1500 huitupa kimyakimya. Pingi ya kawaida haifiki hata baiti 100, ndiyo maana inakudanganya.

Kwenye Windows andika ping -f -l 1464 ikifuatwa na anwani ya kompyuta ya Singida, halafu jaribu 1465 (-f inakataza paketi kukatwa vipande, -l ni ukubwa wa data). Ya kwanza ikipita na ya pili ikikwama, umempata mwizi: 1464 na vichwa vya baiti 28 ni 1492, ongeza lebo mbili upate 1500 kamili.

Pandisha MTU (ukubwa wa juu wa paketi) ifike angalau 1508 kwenye kila kipande cha njia, swichi na redio zikiwemo. Wengi hugusa ruta tu. Kama laini ni ya kukodi na mwenyewe hakubali, shusha MTU ya IP upande wa ofisi, kotekote, iwe 1492, na MSS ya TCP (kikomo cha data ndani ya paketi moja, bila vichwa) iwe 1452.

Ingekuwa hata pingi ndogo haipiti, tungekutuma kwanza kwenye mlango 646, wa UDP na wa TCP, ambako ruta hugawana lebo kwa itifaki ya LDP.