Tambi za Kijapani katika ukumbi wa chakula wa moli: mdogo wako aanze na udon

Ndugu uliyeuliza, salaam.

Umesema kwamba mdogo wako anahamia Nagoya, Japani, mwezi wa Aprili kwa masomo ya uzamili, pamoja na mumewe na mtoto wao wa miaka mitatu, na kwamba mtu mmoja amemwonya asipoteze fedha katika kumbi za chakula za moli (sehemu zenye vibanda vingi vya chakula na meza za pamoja) kwa kuwa tambi halisi za Kijapani hupatikana tu katika migahawa midogo ya vichochoroni. Umeuliza pia watakula nini, ikizingatiwa kwamba wao ni Waislamu. Mimi nilisoma Nagoya kwa miaka kadhaa, na wikendi nyingi nilikula katika kumbi hizo na wenzangu kutoka Unguja, Mombasa na Bujumbura, baadhi yao Waislamu na wengine Wakristo kama mimi. Onyo hilo sikubaliani nalo hata kidogo, na kwa familia yenye mtoto mdogo naona ukumbi wa chakula ndio mahali bora pa kuanzia.

Sababu yangu kubwa ni kwamba vibanda vingi vya kumbi hizo ni matawi ya kampuni zilizokua kwa kupika chakula cha aina moja. Mdogo wako akiingia katika moli za AEON au nyinginezo za ukubwa huo, atakuta kibanda cha udon kama Hanamaru au Marugame Seimen, cha champon (tambi zenye mboga nyingi, nitazieleza mbele) kama Ringer Hut, na kwa kuwa yuko Nagoya, karibu hakika atakutana na Sugakiya, ramen ya watu wa mkoa ule, yaani tambi za asili ya Kichina ndani ya mchuzi mzito. Mpishi anayechemsha udon tangu asubuhi hadi usiku, mbele ya macho ya wateja, hana pa kujificha. Zaidi ya hapo, tambi ni chakula kisichovumilia kusubiri: zikikaa ndani ya mchuzi dakika chache huvimba na kulegea. Kibanda chenye foleni ndefu saa sita mchana huchemsha tambi mpya kila wakati, na hilo ni jambo ambalo mgahawa mdogo wenye wateja wawili hauwezi kulihakikisha.

Ningemshauri aanze na udon kabla ya ramen. Udon ni tambi nene, nyeupe, za unga wa ngano, maji na chumvi, hazina yai. Zile zinazouzwa katika vibanda hivi hufuata mtindo wa Sanuki, jina la zamani la mkoa wa Kagawa katika kisiwa cha Shikoku, mahali penye mvua chache ambako ngano ilistawi kuliko mpunga. Kinyunga chake ni kigumu kiasi kwamba kwa desturi watu walikikanda kwa kukikanyaga kwa miguu, kikiwa kimefunikwa, kisha wakakiacha kipumzike kabla ya kukisukuma na kukikata. Marugame Seimen imechukua jina la mji wa Kagawa ingawa duka lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2000 huko Kakogawa, mkoani Hyogo, na sifa yake ni kutengeneza tambi hapo hapo dukani. Simama kidogo utazame: tambi zikishachemka huoshwa kwa maji baridi ili zikaze, na ukaze huo unaorudisha meno kidogo ndio Wajapani wanaousifu kuliko kitu kingine chochote katika udon. Kwa hiyo mara ya kwanza asichukue bakuli la moto lenye vitu vingi juu. Achukue zaru udon, yaani tambi baridi zinazochovywa katika mchuzi wa pembeni, kwa sababu ndipo ataonja tambi zenyewe. Kake udon, ambazo ni tambi ndani ya mchuzi wa moto, zitamfaa zaidi wakati wa baridi.

Utaratibu wa kibanda cha udon humchanganya mgeni kwa sababu huwezi kukaa ukasubiri kuletewa. Unachukua trei, unataja aina na ukubwa wa bakuli (picha zipo, kidole kinatosha), unapokea bakuli lako, kisha unasogea mbele penye tempura zilizopangwa (mboga, kuku au samaki waliochovywa katika unga mwepesi na kukaangwa) ambapo unajichukulia kwa koleo, na mwisho unalipa. Baada ya kulipa kuna meza ndogo yenye majani ya kitunguu, tangawizi iliyoparuzwa na chenga za tempura, vitu ambavyo mara nyingi havilipiwi. Tempura ninayoipenda ni kakiage, mchanganyiko wa vitunguu na karoti zilizokatwa nyembamba na kukaangwa pamoja hadi kuwa kama kiota. Iliwe mapema, kabla haijanywa mchuzi ikalainika.

Sasa nije kwenye suala la nguruwe na pombe, ambalo nadhani ndilo kiini cha wasiwasi wako. Mchuzi wa udon hautokani na mifupa ya mnyama. Hutengenezwa kwa mwani mkavu wa kombu, samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa kwa moshi na kuparuzwa, na kwa mtindo wa Sanuki, dagaa wakavu. Mtu aliyekulia pwani hatauonea ugeni. Hata hivyo, mchuzi huo huungwa kwa sosi ya soya na mara nyingi mirin, ambayo ni kiungo kitamu kinachochachushwa kutokana na mchele na huwa na kileo, na sosi ya soya yenyewe huwa na kileo kidogo kinachotokana na uchachushaji au kilichoongezwa. Wenzangu walitofautiana hapa: mmoja hakugusa kabisa, wengine walikula kwa kufuata fatwa za mashekhe wao. Mdogo wako aamue akijua kilichomo, asije akaambiwa na mtu kwamba udon ni chakula cha mwani na maji tu. Nyama ya ng'ombe inayowekwa juu ya niku udon na kuku wa tempura hawakuchinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu isipokuwa duka liseme hivyo waziwazi, na tempura za mboga mara nyingi hukaangwa katika mafuta yale yale ya kuku.

Ramen na champon ni habari nyingine. Champon iliasisiwa Nagasaki na Chen Pingshun, mpishi Mchina aliyefungua mgahawa wa Shikairo mwaka 1899, na inasimuliwa kwamba alitaka kuwapa wanafunzi wa Kichina chakula cha kushibisha kwa bei nafuu. Ni bakuli la tambi lenye kabichi, chipukizi za maharage, ngisi, kamba na vipande vya nguruwe, katika mchuzi mweupe wa mifupa. Kwa mimi ninayekula nguruwe, hiki ndicho chakula cha ukumbini chenye mboga nyingi kuliko vyote, na siku za baridi kali nilikichagua kabla ya kingine chochote. Kwa mdogo wako, hapana. Ramen nayo, hata ile inayoitwa ya sosi ya soya au ya miso (rojo ya soya iliyochachushwa), kwa kawaida huwa na mifupa ya nguruwe au kuku ndani ya mchuzi na vipande vya nguruwe juu, kwa hiyo kuomba nyama iondolewe hakutatui chochote. Kampuni kubwa huchapisha jedwali la vitu vinavyosababisha mzio, na jedwali hilo linafaa sana: sheria ya Japani inalazimisha vyakula vya pakiti kutaja vitu kama mayai, maziwa, ngano, soba, karanga, kamba, kaa na, kuanzia mwaka 2023, jozi, lakini kampuni nyingi huongeza kwa hiari safu ya nguruwe (butaniku) na ya ng'ombe. Ajifunze kuitambua herufi 豚, yaani nguruwe. Safu yake ikiwa na alama kwenye mstari wa chakula anachokitaka, mjadala umekwisha. Jedwali hilo halionyeshi kileo, hilo alijue.

Nimeitaja soba. Ni tambi za rangi ya kahawia za nafaka iitwayo kwa Kiingereza buckwheat, nazo huweza kuleta mzio mkali sana kwa baadhi ya watu. Mtoto ambaye hajawahi kuila apewe kidogo kwanza, tena nyumbani, wala si katika bakuli kubwa siku ya kwanza. Ajue pia kwamba baadhi ya maduka huchemsha soba na udon katika maji yale yale.

Kuhusu Sugakiya naomba niseme zaidi kidogo, kwa sababu watu wa Nagoya watamtajia. Ilianza mwaka 1946 kama duka la vitamu, ikaongeza ramen miaka michache baadaye, na hadi leo inauza ramen na aiskrimu kaunta moja. Mchuzi wake unachanganya mifupa ya nguruwe na ladha ya samaki, na bei yake ilikuwa chini ya yeni 500 wakati wote niliokuwa kule. Sugakiya ina kijiko chake maalumu chenye meno ya uma, kilichobuniwa mwaka 1978 ili kupunguza vijiti vya kutupwa. Jioni, wanafunzi wa sekondari wakiwa na sare zao hujaa pale, wakila na kufanya kazi za shule. Wajuzi wa ramen kutoka Tokyo huidharau kwa sababu ni rahisi, na mimi naona wanakosea: ni chakula ambacho bibi, mama na mjukuu wote wamekila katika umri wa miaka kumi, na ladha yake haijaribu kumshangaza mtu.

Kabla ya kuagiza chochote, watafute meza kwanza. Wajapani huweka leso au mfuko mdogo juu ya kiti na kuondoka, na hakuna anayeugusa. Vibanda visivyo vya kujihudumia humpa mteja kifaa kidogo kinacholia na kutetemeka chakula kikiwa tayari, kwa hiyo mume anaweza kubaki na mtoto mezani huku mke akifuata udon na yeye baadaye akafuata chake. Hapa ndipo ukumbi unapouzidi mgahawa: watu wenye masharti tofauti ya chakula wanakula meza moja bila mtu kumkera mwenzake. Maji ya kunywa ni bure, viti virefu vya watoto vipo, na kumbi nyingi zina sehemu ya meza fupi kwa ajili ya wadogo. Kufyonza tambi kwa sauti si utovu wa adabu, maana hewa hupoza tambi na kupandisha harufu ya mchuzi. Wakimaliza, watafuta meza kwa kitambaa kilichowekwa pale, watarudisha trei kwenye dirisha la kibanda husika, na watasema "gochisosama", yaani asante kwa chakula, kwa waliopika. Bakshishi haitolewi. Tangu Oktoba 2019 kodi ya chakula kinacholiwa hapo ni asilimia 10 na cha kubeba ni asilimia 8, ndiyo maana muuzaji atauliza, na si haki kusema unabeba kisha ukakaa pale. Tambi hata hivyo zisibebwe kamwe.

Vinavyobebeka ni vitafunio, na hapo takoyaki inatangulia. Ni madonge ya unga mwepesi uliokorogwa kwa mayai na mchuzi wa samaki, yakichomwa katika chuma chenye vishimo kama kile cha vitumbua, kila donge likiwa na kipande cha pweza ndani. Yalianzia Osaka katika miaka ya 1930. Mtindo wa Osaka ni laini kote, ila Gindaco, kampuni ya takoyaki ambayo utaikuta katika kumbi nyingi, humwagia mafuta mwishoni ili ganda liwe kavu na gumu. Wapenzi wa Osaka hulalamika, lakini mimi nalipenda ganda hilo. Pweza wengi ambao Japani huwaagiza kutoka nje hutoka Mauritania na Moroko, na huko Mauritania uvuvi wa pweza kwa mitungi ulifundishwa na mtaalamu wa Kijapani katika miaka ya 1970. Rafiki yangu wa Unguja, aliyezoea pweza wa Forodhani, aliona vipande ni vidogo mno, na kwa hilo sikuweza kumpinga.

Kuna pia taiyaki, mkate mtamu wenye umbo la samaki uliojazwa maharage madogo mekundu yaliyopikwa kwa sukari, na wenye krimu ya mayai kwa wasiopenda maharage hayo. Dango, viduara vya unga wa mchele kwenye kijiti, ni vizuri kwa watu wazima, lakini hunata kooni, kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu asipewe. Takoyaki anaweza kula kwa masharti: donge lipasuliwe katikati na kuachwa hadi mvuke uishe, kwa kuwa ndani huwa na uji unaounguza ulimi hata ganda likiwa limepoa, na kipande cha pweza kitolewe, akile mama yake.