Uvimbe Mahali pa Kuchomea Insulini

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu hujichoma insulini upande uleule wa tumbo kila siku, na sasa pana uvimbe laini usiomuuma. Je, aendelee kuchoma hapo? Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Hapafai tena. Uvimbe huo ni mafuta yaliyojikusanya chini ya ngozi kwa kuchomwa mahali pamoja, na ingawa hauumi, huifanya insulini iingie kwenye damu bila mpangilio, hata sukari ikapanda na kushuka ovyo. Anapaswa kuhamia sehemu nyingine ya tumbo au pajani, akiacha upana wa kidole kati ya sindano na sindano. Lakini, na hili nalisisitiza sana, penye ngozi nzima dozi ileile inaweza kushusha sukari kupita kiasi. Kwa hiyo awahi kliniki kwanza ili dozi ipangwe upya, kisha apime sukari mara kwa mara.