Maswali na majibu: chumvi ndani ya samaki

Samaki wa baharini anaishi kwenye chumvi tangu anaanguliwa. Mbona nyama yake si ya chumvi?

Maji ya bahari yana sodiamu takriban milimoli 470 kwa lita. Damu ya samaki wengi wenye mifupa hubaki kati ya 150 na 190 hivi, ingawa wanayanywa maji hayohayo. Ndani ya seli za msuli sodiamu ni kidogo zaidi, na inayotawala humo ni potasiamu, zaidi ya milimoli 100. Nyama ni seli hizo, kwa hiyo ulimi haukutani na chumvi nyingi.

Nimesoma kwamba pampu ya sodiamu na potasiamu kwenye matamvua ya samaki hao huisukuma sodiamu upande wa damu, si majini. Sasa chumvi hutokaje?

Umesoma sawasawa, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Pampu hiyo, ambayo Jens Skou wa Denmark aliieleza mwaka 1957 kwa kuchunguza neva za kaa, hutoa sodiamu 3 kwenye seli na kuingiza potasiamu 2 kwa kila molekuli moja ya ATP, kibeba nishati cha seli. Katika seli maalumu za matamvua imekaa upande wa damu, hivyo kazi yake ni kuipunguzia seli sodiamu. Sodiamu ya damu huvutwa kurudi ndani, lakini njia iliyopo haiipitishi peke yake: lazima iingie pamoja na potasiamu 1 na kloraidi 2. Sodiamu inatolewa tena na pampu, potasiamu inarudi kwenye damu kwa mikondo yake, kloraidi inabaki ikirundikana mpaka ipenye upande wa pili na kuingia majini. Kloraidi ina chaji hasi. Ikishatoka, upande wa damu unakuwa chanya kuliko maji ya nje, na sodiamu inasukumwa nje kwa kupitia upenyo mwembamba ulio kati ya seli na seli. Yaani sodiamu inayofika baharini haikupita kwenye pampu hata kidogo! Pampu ililipa nishati tu.

Na wa maji baridi?

Kinyume chake. Chumvi humvuja, maji humwingia. Hanywi sana, hukojoa mkojo mwingi mwepesi, na matamvua yake huokota sodiamu hata pale maji yanapokuwa na chini ya milimoli 1.

Papa naye?

Ana mbinu nyingine kabisa: damu yake imejaa urea, hivyo hapotezi maji kwa bahari. Chumvi ya ziada huitoa kwa tezi iliyo karibu na mwisho wa utumbo.

Nimepima damu ya samaki wa maabara, potasiamu ikatoka 9. Anaumwa?

Kwa kawaida plazima, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, huwa na milimoli 2 hadi 5 hivi kwa lita, lakini usimshuku samaki kwanza. Itazame plazima kwenye mwanga. Ikiwa ina wekundu, chembe nyekundu zimepasuka na kumwaga potasiamu yake humo. Kipimo hicho kitupe. Kama ni safi, jiulize alipapatika kiasi gani kwenye wavu, maana msuli uliochoka nao huiachia, na damu ilikaa muda gani kabla ya kuzungushwa kwenye mashine ya kutenganisha plazima. Kisha soma kibandiko cha mrija uone dawa ya kuzuia damu kuganda iliyomo: EDTA ya potasiamu itakupandishia potasiamu, heparini ya sodiamu itakuharibia sodiamu. Tumia heparini ya lithiamu.